Ndege Wawili wa Uani kwa Sindano

Aliyesimulia haya ni wifi mtu, mpishi wa shule, mwanamke ambaye akikwambia chumvi imezidi, ujue imezidi kweli. Hana kawaida ya kukuza mambo. Lakini hata yeye, kila akikaribia mwisho wa kisa hiki, hushusha sauti na kutazama mlango.

Kaka yake alikuwa dereva wa lori, mtu wa kukaa barabarani wiki nyingi. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Sindano, kwa kazi yake na kwa wembamba wake. Walikuwa wamepanga nyumba ya vyumba viwili yenye ua mdogo nyuma: bomba la maji, kamba za kuanikia, na mti mmoja mchanga usiofika hata paani. Cherehani aliiweka kwenye dirisha la uani, apate mwanga wa kushonea.

Aliupenda sana ule ua. Kisha ndege wakajenga kwenye ule mti.

Walikuwa wawili, weusi tii, mkia umegawanyika kama mkasi uliofunguliwa, macho mekundu. Kiota chao hakikuzidi kikombe cha chai. Mwanzoni ilikuwa vichekesho. Sindano akitoka na nguo mbichi, mmoja anamshukia kisogoni, paa! Hajageuka vizuri, wa pili huyo. Basi akawa anaanika nguo akiwa amejifunika beseni kichwani, na wifi yake akija Jumamosi anacheka mpaka anashika mbavu.

"Wifi, umejiunga na jeshi bila kutuaga?"

"Cheka tu. Wana mayai matatu pale. Mzazi ni mzazi."

Jumatatu asubuhi, mwenye nyumba akamtuma fundi bomba, maana bomba lilikuwa linavuja. Ndege walimshukia mara nne. Mara ya tano wakamchana sikio. Akatukana, akainua spana ndefu, akakipiga kile kiota pigo moja tu. Mayai mawili yalipasuka kwenye saruji. La tatu lilidondokea kwenye karai la nguo, likabaki zima.

"Umefanya nini sasa?" Sindano alifoka.

"Ndege tu hao, mama. Watataga mengine."

Sindano akaliokota lile yai. Hapo ndipo alipogundua kwamba kelele zimekatika. Ndege walikuwa wamekaa kwenye kamba, bawa kwa bawa. Hawakumtazama fundi bomba. Walimtazama yeye.

Alifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye huruma angelifanya. Aliliviringisha yai kwa pamba, akaliweka ndani ya kopo la vifungo, pembeni ya cherehani, kwenye joto la jua. Jioni lilikuwa bado na uvuguvugu. Asubuhi alipoliinua lilikuwa jepesi kama karatasi. Akalielekeza kwenye mwanga. Ndani hamkuwa na kitu. Na ganda halikuwa na ufa, wala tundu, hata la kupitisha uzi.

Siku hiyo alikuwa na sare za watoto za kupeleka. Akafungua mlango wa mbele. Hakufika hata getini. Walitokea juu ya paa, wakamvamia usoni, si kwa kutishia kama zamani. Safari hii walikuwa wanamrudisha. Akienda kushoto, wako kushoto. Akienda kulia, wako kulia. Alipogeuka kuelekea nyumbani, wakatulia. Alipofunga mlango, damu ilikuwa inamchuruzika nyusini.

Alipiga kelele. Jirani akatoka kuchungulia. Aliona ndege wawili juu ya bati, wanachambua manyoya yao. Akacheka, akarudi ndani kwake.

Akampigia mumewe simu. "Ndege?" sauti ilisema katikati ya ngurumo za injini. "Si uwapige jiwe, mke wangu?"

Wateja wawili walikuja mchana. Wote walikimbia kabla ya kugonga.

Jumatano wifi mtu alikuja. Alichanwa mkono, akachanwa shingo, lakini alifika mlangoni na kujibanza chini ya kibaraza. Walizungumza kwa kunong'ona, mlango katikati yao.

"Fungua, wifi."

"Nikifungua wataingia."

"Unakula nini humo ndani?"

Kitasa kilishikwa kwa ndani, kikaachiwa.

"Wananiletea," alisema Sindano.

Ilikuwa kweli. Asubuhi ile alikuta viwavi wanne kwenye kizingiti cha dirisha, wa kijani, wamepangwa mstari mmoja, vichwa vimebanwa vikapondeka. Aliwafagia. Saa moja baadaye walikuwa sita. Akafunga dirisha, akabana vioo, akaziba mwanya wa chini kwa vitambaa vya wateja. Halafu akakaa kwenye kiti cha cherehani, mgongo ukutani, anasikiliza kucha zikitembea juu ya bati. Zilikwenda mpaka juu ya kichwa chake. Zikasimama hapo.

Akahamia chumbani. Kucha zikahamia chumbani.

Alhamisi hakutoka kitandani mpaka jua lilipopanda. Viwavi walikuwa kwenye meza ya cherehani. Dirisha lilikuwa limefungwa. Vitambaa vilikuwa mahali pake. Alikagua dari, akakagua milango, akakagua hata nyuma ya kabati. Hakuona mwanya hata wa kupitisha kidole.

Mchana usingizi ulimshinda. Alilala akiwa ameketi, kichwa juu ya mkono. Alipoamka, jua lilikuwa bado dirishani.

Hakuwa na njaa.

Ilikuwa siku ya tatu hajatia kitu tumboni, na hakuwa na njaa hata kidogo. Mdomoni mlikuwa na ladha chungu, ya majani. Akapitisha kidole kwenye mdomo wa chini. Kulikuwa na kitu kimenasa. Akakitoa. Mguu wa panzi.

Akampigia wifi yake. Hakulia. Alisema neno moja tu.

"Nitoe."

Ijumaa saa sita mchana, pikapu ya shule ilirudi nyuma polepole mpaka bodi lake likagusa mlango. Wifi mtu alikuwa nyuma, ameinua turubai kama hema. Sindano alitoka anatambaa, amejifunika pazia zito. Wifi akamkumbatia, akafunga macho, akasubiri kucha.

Hazikuja.

Alipofungua macho aliwaona wakipita juu yao, kimya, mmoja nyuma ya mwingine. Hawakuwajali hata kidogo. Waliingia ndani ya nyumba.

"Twende," Sindano alinong'ona. "Twende, twende, twende."

Saa nane, wifi mtu alirudi na dereva wa ile pikapu ya shule kuchukua cherehani. Kazi ni kazi, na ile mashine ndiyo iliyokuwa inawalisha. Mlango ulikuwa wazi walivyouacha. Ndege hawakuonekana. Dereva alibaki nje anawasha sigara. Wifi akaingia peke yake.

Chumba cha kushonea kilikuwa kimejaa.

Vitambaa vyote vya wateja, sare, gauni, mapazia, vilikuwa vimechanwa nyuzi nyuzi na kusukwa pamoja na vijiti na udongo, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Kazi ya miezi. Saa mbili tu zilikuwa zimepita. Katikati kulikuwa na shimo laini, umbo la mtu aliyelala ubavu, magoti yamekunjwa. Mtu mwembamba.

Wifi mtu anasema hajui kwa nini alinyoosha mkono. Alinyoosha tu. Shimo lilikuwa la moto, kama kitanda alichoinuka mtu sasa hivi.

Na pale ambapo tumbo la mtu yule lingekaa, kulikuwa na kishimo kingine, kidogo, kimetandikwa pamba.

Nacho kilikuwa cha moto.

Alitoka, akafunga mlango, akamwambia dereva mashine imevunjika. Hata Sindano mwenyewe aliambiwa vivyo hivyo. Kuhusu kile kishimo hakumwambia mtu.

Sindano akahamia kwake. Wiki ya nne alianguka jikoni, wifi yake akampeleka zahanati. Nesi alimpima, akaandika, akatabasamu.

"Hongera, dada. Mimba changa. Kama mwezi hivi, ndiyo kwanza."

Sindano alishika tumbo kwa mikono miwili. Nesi akawaangalia, akadhani ni furaha, akatoka kwenda kuchukua dawa.

Wifi mtu alikaa kwenye benchi. Kaka yake alikuwa na miezi mitatu barabarani, hajakanyaga nyumbani hata siku moja. Na kwa siku zile, pale mlangoni hakuwa amepita kiumbe.

"Wifi," alianza.

"Usiniulize." Sindano alikuwa amejikunja juu ya kitanda cha zahanati, amelala ubavu, magoti yamegusa kifua. Alionekana ametulia kuliko siku zote. "Funga lile dirisha tu, wifi yangu. Anasikia baridi."