Sauti Kutoka Duarani

Asubuhi ya kwanza pale Genkuru, Kokushubira alimsikia mumewe akimwita kutoka nyuma ya nyumba. "Koku, njoo uone." Lakini Modestus alikuwa mbele yake, ananyoa ndevu, povu limemjaa mashavuni.

"Milima hii ina mwangwi," alisema Modestus alipoambiwa.

"Mwangwi wa maneno ambayo hukuyasema?"

Modestus alicheka, akaendelea kunyoa.

Ilikuwa Juni ya mwaka tisini na sita, watu wamemiminika Tarime kufuata dhahabu. Wao walifuata kupumzika tu. Modestus alikuwa mwalimu Serengeti, Kokushubira muuguzi Musoma, na katika miaka mitatu ya ndoa hawakuwahi kukaa pamoja mwezi mzima. Likizo ile, katika nyumba ya kuazima juu ya kilima, ndiyo ilikuwa fungate yao.

Siku ya tatu shuka zilianza kunuka udongo mbichi. Kokushubira alizifua, akazianika juani, zikarudi na harufu ileile. Siku ya nne Modestus aliacha kucheka. Alikaa mezani akigeuka geuka, kijiko mkononi.

"Unasikia nini?"

"Wewe," akanong'ona. "Nakusikia wewe kule nyuma. Unalia."

Kokushubira alikwenda kwa jirani, mama wa Kikurya aitwaye Wegesa, akamkuta anaanika ulezi.

"Shikamoo mama. Nyuma ya nyumba yetu kuna nini?"

"Marahaba." Wegesa alimshika mkono, akamwingiza ndani kwanza. "Kuna duara, shimo la machimbo. Wachimbaji walishuka humo kutafuta dhahabu, wakagusa makao ya jini. Tangu hapo linajifunza sauti za watu. Linachukua ya yule unayempenda. Usiitike, mwanangu. Na mura wako, huyo mumeo, asiitike. Ondokeni leo."

Kokushubira alirudi mbio, akakuta mlango wazi na chai bado inafuka mezani, na alipozunguka nyuma, jua la saa saba likiwa utosini, alimwona Modestus kwenye ukingo wa lile shimo, mguu mmoja tayari uko kwenye ngazi ya miti, anaitikia, "Nakuja, Koku, nakuja," na kutoka chini gizani sauti yake yeye mwenyewe Kokushubira ikimsomea mumewe barua zote alizomwandikia kwa miaka mitatu, moja baada ya nyingine, bila kukosea neno.

Alitaka kupiga kelele, akajizuia. Kwa Modestus ingekuwa sauti nyingine tu. Alimkamata mkanda kwa mikono miwili, akavuta mpaka wote wakaanguka chali.

Modestus alimpapasa uso kama kipofu. "Kumbe uko huku," akasema, akaanza kulia.

Chini kukawa kimya. Kisha ikatoka sauti nyingine, ndogo. "Mama. Usiniache."

"Mtoto wa nani huyo?" Modestus aliuliza.

Kokushubira alimwinua, akamvuta mbali na shimo. Siku zake zilikuwa zimechelewa wiki mbili, na alikuwa hajamwambia mtu.

Alasiri ileile walidandia lori la mahindi, mizigo wakaiacha.

Februari alizaliwa binti, Naomi, mzima na mcheshi. Hata mchana mmoja, mwaka uliofuata, akiwa ameshikilia ukingo wa kitanda, alitamka neno lake la kwanza.

"Mama."

Modestus alipiga makofi kwa furaha. Kokushubira alirudi nyuma mpaka ukutani, mikono mdomoni, kwa maana sauti ile alikwisha kuisikia. Mtoto akaita tena, mdomo ukaanza kumcheza kwa kilio.

Alipoita mara ya tatu, mama yake aliitika.