Jiwe la Mayu Shida

Jumamosi ile Gloria alianika nguo nyumbani kwao Somanda, akafunga viazi na chupa ya chai, akampelekea kaka yake Luhende kwenye kinu cha maji cha ukoo, nyuma ya mashamba ya pamba. Shangazi yao Nyamizi alifuatana naye.

Kinu kilijengwa na babu yao Kasmiri. Watu walileta mtama kutoka mbali, mpaka siku mhimili uliponasa khanga ya mkewe, Shida, ukamvuta akafa. Kasmiri aliling'oa jiwe la juu akalilaza sakafuni kifudifudi, kama walivyozoea kwao kulilaza jiwe la kusagia la marehemu, asirudi kazini. Sasa Luhende alitaka kukifufua, wageni waje kukitazama.

Mfereji ulikuwa mkavu, udongo umepasuka. Lakini jiwe lilisikika likinguruma.

"Amewasha jenereta," Gloria alisema.

"Jenereta ya nani, mwanangu?" Nyamizi alisimama. "Hapa hakuna."

Ndani, Luhende alikuwa akilizunguka jiwe, viganja vyake vimeng'ang'ania juu yake. Jasho lilimtiririka.

"Nililirudisha tu mahali pake," alinong'ona. "Nilidhani liling'oka lenyewe."

"Si uliachie!"

"Lenyewe ndilo haliniachii, dada."

Unga ulimwagika chini.

"Umeweka mtama?"

"Sijaweka kitu."

Gloria aliuchota. Ulikuwa vuguvugu. Akamtazama kaka yake. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Asubuhi hayakuwa hivyo.

Nyamizi alipiga magoti. Aliyefia humo alikuwa mama yake mzazi.

"Mwadila, mayu," alisalimia kwa Kisukuma, akimwita mama. "Huyu ni mjukuu wako. Hakujua. Usimsage. Kazi imekwisha, mayu. Lala."

Jiwe likapunguza mwendo.

Gloria akaokota mtaimbo wa Luhende, akauchomeka chini ya jiwe. Wakausukuma, yeye na shangazi. Jiwe likateleza, viganja vya Luhende vikabanduka. Likaanguka kifudifudi.

Kimya.

Luhende alitembea mwenyewe hadi nyumbani, mkono mmoja ukishikilia suruali isimvuke. Gloria alimvua shati alifue. Mgongoni mwa shati aliona weupe wa unga: kiganja, vidole vyembamba vimetanuliwa. Aliukung'uta. Haukutoka. Akausugua kwa kitambaa kibichi. Haukutoka.

Ndipo akaligeuza shati.

Unga haukuwa nje. Ulikuwa ndani, upande uliogusana na ngozi.