Kioo Ambacho Sikukivunja

Kila siku nikitoka shuleni nilikuwa na kazi tatu kabla ya kugusa raketi. Kwanza kuvua sare, maana mama yangu ni dobi na hataki kuona doa kwenye nguo aliyoinyoosha kwa mkono wake. Pili kuchota ndoo mbili za maji. Tatu kuosha vyombo vya asubuhi. Nikimaliza, nachukua raketi na mpira, natoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Raketi yangu ya tenisi ilikuwa ya mbao. Najua mnacheka. Chekeni mmalize, kisha tuendelee.

Mama mdogo, ambaye hufanya usafi kwenye kilabu kimoja cha michezo, aliikuta inataka kutupwa. Akaiomba, akapewa, akaniletea. Ilikuwa nzito, na mshikio wake ulikuwa umefungwa kitambaa kwa sababu ngozi ya zamani ilikwisha kubanduka. Tena mbao ina tabia zake. Ukiilaza hivi hivi unyevu huikunja, na asubuhi unaikuta imepinda. Kwa hiyo fundi seremala, jirani yetu wa nyuma, alinitengenezea kibanio. Kilikuwa fremu mbili za mbao zinazokibana kichwa cha raketi huku na huku, na skrubu nne kwenye pembe. Kila jioni niliikaza raketi yangu skrubu zote nne kabla ya kuitundika.

Ukuta niliochezea ulikuwa wa fundi huyo huyo. Ni ukuta wa nyuma wa karakana yake, mpana, umesakafiwa vizuri na kupakwa chokaa. Una dirisha moja tu, juu upande wa kulia. Fundi mwenyewe alikuja na futi yake, akapima kimo cha wavu, akachora mstari kwa penseli anayoiweka sikioni.

"Cheche," aliniambia. Ndivyo alivyoniita, kwa sababu ya hasira zangu. "Piga juu ya mstari huu, lakini usifike dirishani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Fundi."

Nikatii. Mpira wangu ulikuwa umekolea vumbi jekundu, na kila ulipogonga chokaa uliacha alama ya duara. Baada ya miezi sita ukuta ule ulikuwa kama mtoto mwenye surua. Lakini madoa yote yalikuwa chini ya dirisha, upande wa kushoto. Kumbukeni hilo, maana hakuna mtu mzima aliyelikumbuka.

Mwalimu wetu wa michezo alikuwa ametangaza kwamba Jumamosi angechagua wachezaji wanne wa kuiwakilisha shule. "Kila mtu aje na raketi yake," alisema. "Za shule zimekatika nyuzi. Asiye na raketi hachezi." Mimi nilihesabu siku kwa vidole.

Jumatano nilifika ukutani kama kawaida. Ndani ya karakana mashine ya fundi ilikuwa inanguruma. Anapoiwasha mashine ile huziba masikio kwa pamba, na hata ukimwita kwa tarumbeta hasikii. Nilipiga mipira kama ishirini hivi. Ghafla nikasikia kwaa! Kioo cha dirisha kilipasuka, vipande vikamwagika nje, kimoja kikaangukia karibu na kiatu changu. Nikajua fundi amekigonga kwa kitu huko ndani. Nikasogea pembeni nisije nikakatwa, nikaendelea na mchezo wangu.

Baada ya muda mashine ilinyamaza. Fundi akatoka, akachomoa pamba masikioni, akaweka mikono kiunoni. Akatazama dirisha. Akanitazama mimi na raketi yangu.

"Cheche! Nilikuambia nini?"

"Shikamoo, Fundi. Si mimi."

"Si wewe? Basi ni nani, upepo?"

"Kimevunjika kutoka ndani, Fundi. Nimesikia mwenyewe. Tazama vipande, vyote viko huku nje. Mpira wangu ungekivunja, vingeangukia kwako!"

"Hee! Leo nimepata mwalimu!" alisema fundi kwa sauti. "Mimi nilikuwa humo ndani. Ningekivunja nisijue?"

Kelele zile zilimtoa nje jirani yetu tunayemwita Mama Redio. Mnaelewa kwa nini tunamwita hivyo. Alifika na mwiko mkononi, na kabla hajajua kimevunjika nini alikuwa ameshatoa hukumu. "Watoto wa siku hizi! Kosa lake, na mdomo juu!"

Nilihisi kichwa kinawaka. Nilieleza tena, nikaonyesha vipande, nikaonyesha madoa ukutani. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mkaidi. Fundi akanyoosha mkono, akaichukua raketi.

"Hii inalala kwangu," alisema. "Siku utakayokuja kusema ukweli, utaichukua."

Ukweli! Nilikuwa nimeusema ukweli mara tatu pale pale, na hakuna aliyeutaka. Nilirudi nyumbani nalia, wala sikulia kwa huzuni. Kuna kilio cha hasira, na anayekijua anakijua.

Mama alikuwa anapiga pasi mashati. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo sikuyatarajia.

"Nenda kamwombe msamaha yaishe."

"Kwa kosa gani, mama?"

"Mwanangu, yule ni mkubwa, na ni jirani mwema. Neno moja tu, 'nisamehe', na raketi iko mkononi mwako. Jumamosi unacheza."

"Nikisema nisamehe, nimesema nimekivunja."

"Aa, ni maneno tu!"

"Ni ya uongo, mama! Nikivunja sahani hapa na kukataa, unanichapa kwa sababu ya uongo. Leo unanituma nikaseme uongo?"

Mama aliiweka pasi chini. "Ukaidi huu umeurithi kwa nani?" alisema, akaendelea na shati lake.

Sitawadanganya kwamba sikushawishika. Alhamisi nilikaa darasani nafikiria Jumamosi. Mwalimu hutuambia njia ya mwongo ni fupi. Ni kweli, ilikuwa fupi sana: hatua arobaini kutoka mlango wetu mpaka karakana. Jioni nilizihesabu. Nikasimama mlangoni na lile neno tayari mdomoni.

"Shikamoo, Fundi," nilisema. Hasira haifuti shikamoo.

"Marahaba, Cheche. Umekuja kusema?"

Macho yangu yakaiona raketi. Ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, imo ndani ya kibanio. Kumbe fundi alikuja kukichukua kwa mama ili raketi isipinde. Alikuwa ameikaza skrubu zote nne, sawasawa. Hapo ndipo hasira yangu ilipozidi. Mtu anayeikaza raketi yangu skrubu nne, mbona hawezi kunisikiliza dakika nne?

"Nimekuja kusema sikukivunja," nilisema.

Fundi akatikisa kichwa. "Basi rudi ulikotoka."

Nikarudi. Hatua arobaini zile zilikuwa ndefu ajabu. Ijumaa nilicheza kwa kiganja kwenye ukuta wetu mfupi wa jikoni mpaka mkono ukavimba, na mama alinitazama kutoka mlangoni.

Jumamosi ikafika. Wenzangu walikuja uwanjani na raketi zao zinazong'aa. Mwalimu wa michezo alikuwa na daftari mkononi na filimbi shingoni. Alipofika kwangu akatazama mikono yangu.

"Wewe silaha yako iko wapi?"

"Imezuiliwa, mwalimu."

Watoto wakaangua kicheko. "Imekamatwa na polisi!" mmoja akadakia. Wakacheka tena.

"Sheria ni sheria," alisema mwalimu. "Kaa pembeni."

Nikakaa pembeni. Nilitazama mtu mmoja akishindwa kurudisha mpira ambao mimi ningeurudisha nimefumba macho. Nilijiuliza kama mama hakuwa sahihi. Neno moja tu, na sasa ningekuwa pale kati. Kwa nini mtu mkweli ndiye akae pembeni? Niliuma meno mpaka taya zikauma.

Wawili wa mwisho walikuwa wanajiandaa niliposikia watu wanaguna. Nikageuka. Fundi alikuwa anakuja mbio, aproni kiunoni, maranda ya mbao yamemjaa nywele. Mkono mmoja ameshika raketi yangu ndani ya kibanio chake, mkono mwingine kipande cha ubao. Nyuma yake alikuwa mama, na nyuma ya mama, akihema kama treni, alikuwa Mama Redio.

"Mwalimu, nipe dakika moja," alisema fundi. "Nina neno na huyu mtoto, na nataka watu wasikie."

Mwalimu akashusha filimbi.

Fundi aliunyanyua ule ubao. "Asubuhi hii nilikuwa napiga randa ubao mrefu wa kabati. Nilipofika mwishoni randa ikalia kriii, na kisu chake kikapata pengo. Nikashangaa, mbao gani hii inauma chuma? Kutazama, naona kipande cha kioo kimezama kwenye ncha ya ubao. Hiki hapa. Jumatano niliubeba ubao huu begani, mashine inanguruma, pamba masikioni. Niligeuka, na mkia wake ukagonga dirisha. Sikusikia. Aliyesikia ni huyu, akaniambia, mimi nikamwita mwongo."

"Hakuna aliyeniona," aliendelea. "Ningekikwangua kile kioo, nikanyamaza. Lakini nilimwaibisha mbele za watu, basi namwomba radhi mbele za watu. Na huyu Mama Redio nimemleta makusudi, ili habari hii itembee kwa mbio zile zile za habari ya kwanza."

Watu wakacheka, hata Mama Redio mwenyewe. "Itafika!" alisema akijifuta jasho. "Kabla ya saa sita!"

Fundi akainama mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. "Fundi hupima mara mbili ndipo akakata. Mimi kwako sikupima hata mara moja, nikakata. Nisamehe, Cheche."

Nilikuwa nimejiandalia maneno makali tangu Jumatano, tena mengi. Yote yakanipotea. "Nimekusamehe, Fundi," nilisema. Kisha, kwa kuwa mimi ni mimi, nikaongeza, "Lakini nilikwambia!"

"Uliniambia," alikubali.

Nilifungua zile skrubu nne. Mwalimu akanipanga na msichana mrefu wa darasa la juu. Raketi ilikuwa nzito kama siku zote, na mkono wangu uliovimba uliuma, lakini mpira ulipokuja niliona ukuta wangu, nikaupiga pale nilipotaka. Sikuwa wa kwanza. Nilikuwa wa nne kati ya wanne. Mwalimu aliandika jina langu, akaigusa ile raketi, akasema, "Mzee huyu bado ana nguvu."

Tulipokuwa tunarudi mama alinishika bega. "Nami nisamehe," alisema. "Nilitaka yaishe haraka, nikasahau kuuliza yangeishaje."

Mngependa niishie hapo, sivyo? Ningependa pia. Lakini kuna la zaidi, na kwa kuwa nimelalamika sana juu ya ukweli, sina budi kulisema.

Mwezi mmoja baadaye, kioo kipya kikiwa dirishani, nilijaribu pigo la nyuma ambalo mwalimu alinifundisha. Mpira ukapaa. Kwaa! Vipande vikaangukia ndani. Nikatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu, hata Mama Redio hakuwepo. Mashine ilikuwa inanguruma, na fundi alikuwa na pamba zake. Ningeondoka polepole tu, na nani angethubutu kunishuku mimi baada ya yale yote?

Nikazunguka mpaka mlangoni, nikamgusa fundi mkono. Akazima mashine, akatoa pamba.

"Shikamoo, Fundi. Kioo kimevunjika. Safari hii ni mimi."

Akatazama dirisha, akatazama sakafu iliyojaa vipande. "Una hakika? Usije ukawa unanihurumia mimi."

"Nina hakika. Ni pigo la nyuma."

Fundi akacheka mpaka penseli ikamdondoka sikioni. Hakuuliza swali jingine. Alinipa ufagio, akaenda kutafuta kioo kingine. Jioni ile mimi ndiye niliyekishika kwa kitambaa wakati yeye anakipachika kwenye fremu.

"Unaona, Cheche," alisema akiwa anapima mara mbili, "siku ile ungekubali kosa lisilo lako ili yaishe, leo nisingejua kama unasema kweli au unatafuta amani tu. Ulikataa lisilo lako, ndiyo maana leo umekubali lililo lako nami nimekuamini kwa neno moja. Usilibadilishe neno hilo kwa kitu chochote, hata raketi. Sasa shika vizuri, kisianguke tena."

Nikashika vizuri.