Fedha za Aproni

“Zimeni hiyo tivii kabla sijairushia mkongojo.”

Aliyesema ni bibi mmoja aliyekaa kona ya chumba cha kusubiri, ghorofa ya tatu, jengo la serikali, Cleveland. Hakuna aliyeinuka. Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya Oktoba, mwaka 2008, na kwenye tivii wenye suti walikuwa wanapeana mikono. Bunge limepitisha: mabenki yaokolewe kwa dola bilioni mia saba. Na pale chini yake wamekaa watu ishirini waliokuja kuomba wahesabiwe kuwa wamefilisika, kila mmoja na bahasha yake ya makaratasi.

“Bilioni mia saba,” mzee mmoja akasema. “Na mimi nimeambiwa nilete risiti ya dawa ya mbwa.”

Watu wakacheka. Kicheko chenyewe cha kukata tamaa.

Krysia hakucheka. Alikuwa ameshika mkono wa mumewe, Len Dudek, dereva wa foko, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye kiwanda cha chuma ambacho siku hizi kilimpa kazi siku tatu tu kwa wiki. Walikuwa na miezi mitatu na siku kadhaa tangu wafunge ndoa. Yeye mpishi wa shule, ana miaka arobaini na moja, na ndoa hii ndiyo yake ya kwanza. Watu wa mtaa walishamkatia tamaa.

“Usiogope,” akamnong'oneza. “Nimemwita Tata.”

Len akageuka. “Umemwita nani?”

“Baba yangu. Anakuja kukusemea. Mzee wa parokia akisimama akasema wewe ni mtu wa kulipa, hawatakuona tapeli.”

Len akabadilika rangi.

“Mpigie arudi.”

“Kwa nini?”

“Krysia, nakuomba. Mpigie arudi nyumbani.”

Sasa ngoja nikuambie kilichomtoa Len rangi.

Len alikuwa mjane. Mke wake wa kwanza, Marlene, alikufa kwa saratani, akamwachia madeni ya hospitali na ya kadi za benki yasiyolipika kwa mshahara wa foko hata akiishi mara mbili. Siku ya mazishi hakuwa na hata ya jeneza. Aliyemkopesha dola elfu mbili na mia sita ni jirani yake, mzee Kazimir Wolanski, bila karatasi wala riba. Mzee huyo alikuwa na binti. Binti akaanza kupeleka supu ya kabichi kwa mjane. Mengine unayajua.

Basi harusi ikafanyika Juni kwenye ukumbi wa parokia, na ikaja ile ngoma ya bibi harusi, desturi ya mtaa wao. Kila mgeni anatoa dola yake, anaitupa kwenye aproni ya bibi harusi, anapewa kikombe kidogo cha vodka, anacheza na bibi harusi nusu dakika, anasukumwa pembeni. Mwishoni wanawake wanamzunguka bibi harusi wanashikana mikono, na bwana harusi lazima avunje duara, atupe pochi yake nzima kwenye aproni, kama kusema nimewashinda wote, kisha ambebe mkewe watoke. Len alitupa pochi yenye dola kumi na moja na leseni ya udereva. Ukumbi mzima ulilia kwa kucheka.

Asubuhi yake Krysia ndiye aliyesema. “Wanaume wa mtaa huu hawalali na binti wa mtu anayewadai. Chukua fedha za aproni, zikipungua ongezea, tumlipe Tata kabla kahawa haijapoa.”

Wakamlipa. Na mzee akazipeleka moja kwa moja kwa mchonga mawe, akamwekea marehemu mkewe, mama yake Krysia, jiwe la kaburi.

Hilo ndilo kosa. Maana sheria ya kufilisika, ambayo miaka mitatu nyuma ilikazwa na mabenki hayohayo yakishangilia, ilikuwa na swali moja: katika mwaka uliopita, umemlipa ndugu au mkwe kabla ya wengine? Ukimlipa, ndugu huyo anatakiwa azitapike. Mtaani kwao kumlipa mkwe kwanza ni uungwana. Kwenye ile fomu ilikuwa ni kuwapunja wadai wengine.

Len aliliona hilo swali jikoni, peke yake, mkewe yuko kazini. Akaandika: Hakuna. Hakumwambia mtu.

“Len, kuna nini? Sema basi.”

“Kuna kitu sikukuambia. Kwenye ile fomu...”

“Haya, haya, nimefika.” Mzee Kazimir huyo, amevaa suti ya harusi ya bintiye, inanuka dawa ya nondo. “Lifti yao mbovu. Wana mabilioni ya kugawa, lifti hawana.”

“Dudek, Leonard!” mlango ukafunguka. “Ingieni na wakili wenu.”

Ndani hakukuwa na jaji. Kulikuwa na meza, kinasa sauti, na msimamizi wa mafaili ya wafilisika, mwanaume mwembamba mwenye mafua. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Alikuwa na mafaili kumi na tisa ya kumaliza kabla ya kufunga ofisi.

“Inua mkono wa kulia. Unaapa kusema kweli?”

“Naapa.”

“Hii sahihi ni yako?”

“Yangu.”

“Katika mwaka mmoja uliopita, umemlipa deni ndugu au mkwe?”

Krysia akatabasamu kidogo akijiandaa kumsikia mumewe akijisifia.

“Hapana,” Len akasema.

Tabasamu likamganda. Akamtazama Len. Len alikuwa anatazama meza.

“Vizuri. Kuna mdai yeyote humu mwenye swali?”

“Mimi,” mzee Kazimir akasimama.

“Tata, kaa,” Krysia akasema haraka.

“Niache, nimepanda ghorofa tatu kwa ajili hii.”

“Mzee, wewe unamdai huyu bwana?”

“Simdai hata senti. Ndicho nilichokuja kusema.”

Wakili wa Len akamshika mkono. “Mzee Wolanski, nakushauri unyamaze.”

“Miaka thelathini na nane nimekaa mbele ya tanuru la chuma, nitanyamazishwa na nani? Bwana msimamizi, andika. Huyu kijana si mwizi. Nilimkopesha elfu mbili na mia sita amzike mkewe. Alipomwoa binti yangu, kesho yake tu, akanilipa zote. Hata kahawa sijamaliza. Nionyeshe benki yenye adabu hiyo.”

Kinasa sauti kikazunguka.

Msimamizi akapenga kamasi, akachukua kalamu polepole.

“Kesho yake, mzee? Ilikuwa tarehe ngapi?”

“Juni ishirini na mbili. Jumapili, kabla ya misa.”

“Asante,” msimamizi akasema kwa upole. “Unaweza kukaa.”

Mzee akakaa akiwa amejaa furaha, akampiga Len begani. “Nimekusemea, kijana wangu.”

Len akamjibu bila kuinua kichwa. “Nimesikia, Tata. Asante.”

*

Kwenye korido Krysia alimsukuma mumewe ukutani kwa viganja vyote viwili.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungesema niandike.”

“Ndiyo, ningesema uandike. Wangemdai Tata, tungemlipia kidogo kidogo.”

“Kwa kipi? Mimi siku tatu kwa wiki, wewe unapika viazi vya watoto. Fedha ziko kaburini kwa mama yako, Krysia. Nimwambie mzee nini, akang'oe jiwe?”

“Kwa hiyo ukaona bora uape uongo.”

“Niliona bora mtu mmoja kwenye familia hii alale usingizi.”

“Ungenigusia tu jana. Neno moja. Nisingemwita.” Krysia akashusha viganja. “Mimi ndiye niliyemwita, Len. Kwa mkono wangu.”

“Hukujua.”

“Hukunijulisha. Miezi mitatu nalala na wewe, kumbe kuna kitu umekalia.”

Kwenye chumba cha kusubiri tivii ilikuwa inaendelea, na yule bibi wa mkongojo alikuwa anamwambia mwenzake:

“Wao wamesema uongo wa mabilioni wakapigiwa makofi. Sisi tunaapishwa kwa bei ya friji.”

*

Novemba barua zikaja mbili. Ya Len ilisema madeni yake hayasamehewi, kwa sababu ya kiapo cha uongo. Hata nyumba sasa ilikuwa njiani kuondoka. Ya mzee Kazimir ilimtaka arudishe dola elfu mbili na mia sita.

Mzee hakubishana. Aliuza kodiani yake, kinanda alichopigia kila harusi ya mtaa kwa miaka hamsini, akaongezea fedha za kuuza gari, akatuma hundi. Kisha akaacha kwenda misa. Krysia akimpigia, anapokea lakini hasemi kitu, unasikia anavuta pumzi tu.

“Tata, ongea na mimi.”

“Niongee nini? Nilishaongea siku ile.”

Meseji ya Len ilimkuta Krysia jikoni shuleni, mikono ina unga. *Nimetoka kwa wakili. Ukirudi tukae tuongee. Usile kwanza.*

Akajua hapohapo. Mtu hakuambii usile kama ana habari ya kuliwa nayo.

Alimkuta amekaa na karatasi mezani. Mkoba wa nguo mlangoni.

“Nikijaribu tena,” Len akasema, “njia iliyobaki ni ya kulipa kwa miaka mitano. Wanachukua kila kinachobaki baada ya chakula. Na nikiwa nakaa na wewe, mshahara wako unaingia kwenye hesabu yao.”

“Uingie.”

“Na hizo ni za Tata kula. Gari hana, kodiani hana. Nani atamlisha?”

“Tutamlisha wote.”

“Kwa kipi, Krysia? Kila tukigusana, kuna mtu anahesabu. Ile ndoa yenyewe ndiyo iliyomfanya baba yako awe ndugu yangu. Tungekuwa majirani tu, yale malipo ya Juni yasingemgusa mtu. Wakili ameniambia hivyo mwenyewe.”

Krysia akaitazama ile karatasi. Ilikuwa ya talaka, upande wa Len umeshasainiwa.

“Umeamua tena peke yako,” akasema taratibu. “Jikoni kwangu. Kwenye meza ileile.”

“Kuna visima vya mafuta Dakota Kaskazini. Wanachukua watu wa foko. Basi la huko linaondoka leo saa tisa.”

“Unanipenda?”

“Usiniulize hivyo.”

“Nakuuliza.”

“Nakupenda mpaka naumwa. Ndiyo maana nimesaini.”

“Mimi sisaini.”

“Utasaini,” Len akasema. “Si leo. Siku Tata atakapokosa dawa utasaini.”

Krysia alitaka kumchukia kwa neno hilo. Alishindwa, kwa sababu lilikuwa kweli.

*

Stendi ya basi ilikuwa na watu wengi, wanaume wengi kuliko wanawake, kila mmoja na mkoba. Tata alikuja kwa miguu, theluji mabegani, akasimama mbali kidogo kama mtu asiyealikwa.

Len alipokanyaga ngazi ya kwanza ya basi, Krysia akamwita.

“Len Dudek.”

Akageuka. Krysia akafungua begi, akatoa pochi yake, akamtupia kifuani mbele ya watu wote. Ikaanguka miguuni pake juu ya theluji.

“Nimeshatupa,” akasema, machozi yanatiririka na hayafuti. “Yote niliyo nayo. Hakuna aliyetoa zaidi yangu. Sasa kanuni unaijua, twende nyumbani.”

Wale wanaume kwenye foleni wakatazama chini. Wengine walikuwa watu wa mtaa uleule, walijua anachosema.

Len akainama, akaiokota. Akaifuta theluji kwa mkono wa koti, pande zote mbili, akichukua muda wake. Akashuka ngazi ile moja. Kwa nukta chache Krysia aliamini, na mimi ningekuwepo ningeamini.

Akamwekea pochi kiganjani, akamfunga vidole kimoja kimoja.

“Iweke, mke wangu,” akasema. “Siku ile ya ngoma nilikuwa na cha kutupa.”

Akapanda. Mlango ukajifunga.

Walirudi kwa miguu, binti na baba, mwendo wa nusu saa. Kwenye kona ya parokia mzee akasimama apumzike.

“Ningejua, nisingesema,” akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza siku hiyo.

“Ulisema kweli, Tata.”

“Najua.”

Wakaendelea kutembea. Nyumbani Krysia alivua koti, akavaa aproni ya kazi kwa mazoea, akamchemshia baba yake supu. Karatasi ya talaka ilikuwa bado mezani na kalamu juu yake. Aliihamisha pembeni ili aweke bakuli, na hakuitupa.