Uzi Kwenye Baka la Mweri

Kafedha alikuwa akimsuka Mweri, jirani yake pale Likoni, kidole chake kilipogusa kinundu. Baka jeusi ambalo Mweri alizaliwa nalo shingoni lilikuwa bapa siku zote. Sasa upande mmoja ulikuwa umeinuka, na umefungwa uzi.

"Nyanya kakifunga," Mweri alisema. "Kikikosa damu kitaanguka chenyewe. Wewe suka tu."

Kila asubuhi nyanya aliukaza uzi. Kinundu kikavimba, kikawa cheusi tititi.

Siku moja katika uwanja wa shule, Kyalo, mvulana wa darasa lao, aliona ncha ya uzi ikichungulia kwenye kola.

"Oya! Huyu kafungwa kama gunia la makaa! Hebu tufungue!"

Akauvuta kwa nguvu. Ngozi ikachanika, damu ikatiririka mgongoni. Mweri alimrukia, akambwaga, akamkalia kifuani na kumtwanga ngumi mpaka mdomo ukapasuka. Kisha akaokota jiwe.

Kafedha, ambaye hata kuitika "abee" darasani humtoka kwa shida, aliudaka mkono wa Mweri. Kiwiko kikampiga puani, damu ikamjaa mdomoni. Hakuuachia mpaka jiwe likaanguka.

Mwalimu Wairimu aliwakimbiza wote watatu hospitalini kwa tuktuk. Daktari alimshona Kyalo mdomo, akakiondoa kinundu cha Mweri na kukipeleka maabara.

Siku ya majibu, Kafedha alimsindikiza Mweri na nyanya yake.

"Si saratani," daktari alisema.

Nyanya alishusha pumzi. "Mwanangu, mie nilidhani namtibu. Yatoka wapi mabaka haya?"

"Huanza mtoto akiwa tumboni, nyanya. Chembe zinazoipa ngozi rangi hurundikana mahali pamoja. Mtoto akikua, nalo hukua. Akikaribia utu uzima, huweza kuinuka na kuota nywele. Mengi hayana neno. Lakini likibadilika haraka, likiwasha au likitoka damu, mleteni kwetu. Uzi na wembe huleta vidonda, na ugonjwa ukiwepo hubaki ndani."

Akawageukia wasichana. "Nanyi msifiche kwa kuogopa kuchekwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mmenielewa?"

"Tumeelewa," Mweri alijibu.

Nyanya alishukuru, akainuka. Mweri akamfuata mlangoni. Kafedha alibaki ameketi, mikono imeshika sketi.

"Daktari," alisema, "nami ninalo. Liko pajani. Linawasha."