Dereva Aliyesahau Kulala

"Theo! Theo, gari!"

Priska alipiga kelele akiwa nyuma, amepiga magoti sakafuni. Mkono mmoja ulikuwa umeinua dripu, mwingine umekandamiza tumbo la mzazi aliyekuwa akivuja damu. Kwenye kidirisha cha mbele, pale alipotegemea kuona lami, aliona mahindi.

Theodory alishtuka, akakata usukani, akakanyaga breki. Ambulensi iliyumba, tairi za kushoto zikachota vumbi, ikasimama hatua tatu kabla ya kalavati. Priska alijibamiza bega mlangoni. Mgonjwa, binti mmoja aitwaye Gladness, aliguna tu. Hata nguvu ya kuogopa hakuwa nayo.

"Mbuzi amekatiza," Theodory alisema bila kugeuka.

Priska aliangalia barabara mbele na nyuma. Hakukuwa na mbuzi.

"Endesha, Theo. Huyu anatuishia."

Ilikuwa saa nane mchana, mwezi wa saba mwaka 2002, barabara ya Himo kwenda Moshi mjini. Priska alikuwa nesi na Theodory dereva, wote wa hospitali ndogo ya misheni huko juu ya Himo. Walibakiza wiki tano wafunge ndoa. Mahari ilishapelekwa, pombe ya mbege ilishanywewa, na Jumapili ile padri angesoma tangazo lao la kwanza.

Walifika. Gladness alipokelewa kwenye hospitali ya rufaa akakimbizwa chumba cha upasuaji, na jioni yake habari ikaja kwamba amenusurika. Lakini kabla ya hapo, Priska alipotoka nje kusafisha machela alimkuta Theodory ameegemea boneti, macho mekundu kama ya mtu aliyetoka kwenye moshi.

"Hakukuwa na mbuzi," Priska alisema.

"Nilisinzia."

"Tangu lini hulali?"

"Tangu lile basi."

Hakuhitaji kueleza basi lipi. Mwezi wa tano basi la abiria lilipinduka njia panda ya Himo, nao wawili ndio walikuwa wa kwanza kufika. Walibeba watu mpaka nguo zikalowa. Kesho yake asubuhi waliripoti kazini kama kawaida, kwa sababu hakuna aliyewaambia wasiripoti.

"Nikifumba macho, saa moja haiishi naamka," Theodory alisema. "Na dereva ni mimi peke yangu, siku saba. Nimechoka, Priska. Nimechoka mpaka kwenye mifupa."

"Kamwambie metroni."

"Akininyang'anya gari nitabaki nani? Pale kijijini mimi ni Theo wa ambulensi."

"Leo tungekufa watatu. Kamwambie mwenyewe kesho. Usiposema wewe, nitasema mimi."

"Nitasema," alijibu. "Naapa."

Jumatano Priska alianza mapumziko ya siku mbili, yuko kwao anachambua maharage, simu ikalia. Meseji:

"Nimeongea na metroni. Kanipa siku 3 nipumzike, mpaka Ijumaa. Leo nimelala mpaka mama kaja kuniamsha. Asante mpenzi wangu."

Priska aliisoma mara mbili, akatabasamu peke yake kama mjinga. Akajibu: "Lala tena. Nakupenda."

Ijumaa asubuhi alipoingia kazini, ambulensi ilikuwa inapaki mbele ya mapokezi, vumbi mpaka kwenye vioo. Mlango ulifunguka. Akashuka Theodory. Alikosa ngazi, akashikilia mlango asianguke.

Walitazamana. Theodory akainamisha kichwa.

Priska alikwenda moja kwa moja ofisini kwa metroni Dominika, mkuu wa manesi, mama mtu mzima ambaye wote walimwogopa.

"Shikamoo, metroni."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Theodory alikuja kukuona wiki hii?"

"Kuniona kwa lipi?"

Basi Priska akasimulia yote: basi, usingizi, mahindi, kalavati. Vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua pindo la sare. Metroni alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani, akatoka nje, akaenda kumsimamisha Theodory kazi ya usukani siku ile ile, hadi daktari atakaposema vinginevyo.

Simu ilipigwa kabla ya saa sita mchana.

"Umenichongea," Theodory alisema.

"Ulinidanganya, Theo. Kwa maandishi."

"Mbele ya wafagiaji, mbele ya wagonjwa! Metroni kanishusha kwenye gari kama mwizi!"

"Ningekuzika. Unataka nikuzike?"

"Padri asisome kitu Jumapili. Mke wa kuniuza simtaki."

Ikakatika.

Jumapili kanisa lilijaa, matangazo ya ndoa yakasomwa, jina la Priska halikuwemo. Kufika jioni habari ilishazunguka migomba yote: binti wa mzee Thadeus kamfukuzisha kazi mchumba wake. Mama Theodory alikutana na Priska kisimani, akageuza njia.

Baba yake, mzee Thadeus, alimwita sebuleni.

"Mwanangu, umemwaibisha mwanamume wa watu. Kata jani la sale uende nalo kwao ukaombe msamaha. Mtu akiletewa sale hawezi kukataa."

"Baba, sale ni la mtu aliyekosa. Mimi nimekosa nini?"

"Umepoteza ndoa!"

"Heri nimpoteze akiwa hai."

Binti yake hakuwahi kumjibu hivyo.

Zikapita wiki tatu. Parokia iliwaazima dereva mmoja, Ildefonce, mtu mpole wa makamo, na metroni akaandika barua kuomba dereva wa pili awe wa kudumu. Akaanzisha na jambo lingine. Kila Ijumaa saa kumi, waliokwenda kwenye ajali au kuzalisha kwa shida walikaa jikoni mwa hospitali na chai, kila mmoja aseme kilichomkaa moyoni.

"Nimewapa glavu, nimewapa mablanketi," metroni aliwaambia siku ya kwanza. "Sikuwahi kuwauliza kama mmelala. Hilo ni kosa langu."

Manesi wengine walisema, wengine walilia. Priska alipofikiwa alisema, "Mimi niko sawa," akanywa chai yake. Lakini hakuwa sawa. Chakula hakikushuka. Na kulikuwa na neno moja la siku ile ya basi ambalo hakuwahi kulirudia, hata kichwani mwake. Akilikaribia, alitafuta kazi ya kufanya.

Jumapili moja mchana, Priska alikuwa na baba yake kihambani, shamba la migomba la nyumbani, wakikata majani ya ng'ombe, mbwa akabweka. Theodory alisimama kwenye njia ya migomba, shati limepigwa pasi. Alikuwa amenenepa kidogo usoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," mzee Thadeus alijibu kwa ubaridi. "Umekuja kudai mahari yako?"

"Hapana, baba. Nimekuja kusema ukweli, na nataka wewe uwepo. Priska hakuniuza. Nilimpa neno kwamba nitasema mwenyewe, halafu nikamwandikia meseji ya uongo. Alinipa siku nne, mimi nikazitumia kumdanganya. Watu wanamsema bure, na mimi nimewaacha wamseme wiki tatu nzima. Nimeshamwambia mama yangu. Nimeshamwambia padri. Sasa nakwambia wewe."

Mzee alimwangalia, akamwangalia binti yake. Akachomeka panga kwenye mgomba.

"Nitaangalia ng'ombe," alisema, akaondoka polepole.

Wakabaki wawili.

"Metroni alinipeleka kwa daktari mjini," Theodory alisema. "Kaniambia mimi si mwendawazimu. Kasema mtu akiona mambo kama yale, mwili unaweza kukataa kulala. Naenda kila wiki, naongea. Sasa napata saa nne, tano."

"Vizuri," Priska alisema, akaendelea kukata majani.

"Ildefonce alikuja kunisalimia jana. Kaniambia kitu. Kasema kila mkifika njia panda, wewe unafumba macho."

Panga la Priska lilisimama.

"Kwa hiyo na wewe unamkumbuka," Theodory alisema. "Yule mzee mwenye koti la kijivu, chini ya kiti. Aliyenishika suruali akaomba maji."

"Nyamaza, Theo."

"Nikisinzia, namsikia yeye."

"Nimesema nyamaza!"

Priska aliketi juu ya mzigo wa majani, mikono imelegea.

"Ni mimi niliyesema twende," alisema kwa sauti ndogo. "Wewe ulitaka tumtoe. Mimi nikasema gari limejaa, twende. Tuliporudi alikuwa ameshakufa."

"Najua."

"Ndiyo maana hukuniambia?"

"Ningekwambia vipi kinachoninyima usingizi? Ningekuwa nakushitaki. Nikaona bora nibebe peke yangu. Lakini, Priska, ndani ya gari tulikuwa na watu watano. Wanne wako hai leo. Daktari alinifanya niwataje mmoja mmoja."

Priska alilia. Tangu mwezi wa tano hakuwa ametoa chozi, na sasa yalitoka yote, kwa kelele, kamasi na kwikwi. Theodory hakumwambia anyamaze. Aliketi karibu naye juu ya majani, akasubiri mpaka kwikwi zikapungua.

"Ijumaa njoo kwenye chai," Priska alisema akijifuta kwa kanga. "Siwezi kusema peke yangu."

"Nitakuja."

"Na ukinidanganya tena, hata kwa meseji ya neno moja, sitarudi."

"Sitakudanganya."

"Kamwambie padri asome matangazo yetu."

Ijumaa ile walikaa bega kwa bega jikoni, na Priska akasema neno lake mbele ya wote. Metroni Dominika akalia naye.

Walifunga ndoa mwezi wa kumi na moja, mvua ikinyesha, mama Theodory akimshika Priska mkono njia nzima kutoka kanisani. Mwezi wa kwanza mwaka uliofuata daktari alimruhusu Theodory kurudi kwenye usukani, wakipokezana na Ildefonce, ambaye sasa alikuwa ameajiriwa.

Siku za mwanzo alikuwa anaogopa watu watamcheka. Kisha ikaja asubuhi moja ya mwezi wa tatu, baada ya ajali nyingine, alipoingia ofisini kwa metroni, kofia mkononi.

"Metroni, leo siwezi."

Metroni hakuuliza kwa nini. Alichungulia dirishani, akaita, "Ildefonce! Leo gari ni lako."

Theodory alipita wodini kumuaga mkewe. Priska alikuwa anafunga bandeji, akainua uso.

"Naenda nyumbani kulala," Theodory alisema.

"Nenda. Mtori uko jikoni, upashe moto kwanza."

"Na wewe?"

Priska alifikiri. Zamani angesema yuko sawa.

"Nimechoka sana," alisema. "Nikimaliza huyu, naomba ruhusa nikufuate."

Theodory akavuta kiti, akaketi kumsubiri.