Chesti ya Mgeni

Mwajabu aliamka na uchovu uleule aliolala nao. Tangu wapagazi wamlete yule mgeni Mwingereza kutoka bara, hajiwezi kwa homa, kazi za nyumba ya Bi Thuwaiba hapo Bagamoyo hazikuwa na mwisho. Asubuhi hiyo alikwisha kuteka maji na kupepea moto jikoni. Sasa alikuwa uani akimsaidia mama yake, Tatu, kukamua mashuka ya mgonjwa.

"Mwajabu!" Bi Thuwaiba aliita. "Njoo usikie mgeni anasema nini."

Mwajabu alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliwahi kukaa Unguja kwa shangazi yake, aliyekuwa mtumishi wa Waingereza, akarudi na maneno machache ya Kiingereza. Nyumbani mule walimwita mkalimani, naye jina hilo lilimpendeza mno.

Mgeni alikuwa kitandani, jasho likimtiririka. "Chesti," alisema kwa shida. "Chesti."

Mwajabu alilijua neno hilo. Kule Unguja, chesti lilikuwa sanduku la nguo.

"Anataka sanduku lake," alisema bila kusita.

Yeye na mama yake walilikokota kutoka ghalani, mikono ikiwauma, wakalifungua mbele yake. Mgeni alitikisa kichwa, akafumba macho. "Chesti," alirudia.

Bi Thuwaiba alilitazama sanduku, kisha akamgeukia Tatu. "Basi kuna kitu kimepungua humu. Na ufunguo wa ghala unao wewe peke yako."

"Wallahi, Bibi, sijaligusa," Tatu alisema. Hakupaza sauti, hakuwa na nguvu za kubishana. Aliketi sakafuni, mikono yake iliyobabuka kwa sabuni ikiwa mapajani.

Mwajabu alimtazama mgonjwa. Alikuwa akikohoa, kiganja amekikandamiza mbavuni. Shaka ikamwingia. Akinena, wangemcheka, akinyamaza, mama yake angeitwa mwizi.

"Bibi, huenda nimekosea," alisema, machozi yakimlengalenga. "Kiingereza chenyewe sikijui hivyo. Tafadhali, aitwe Bwana Majid."

Majid alikuwa kaka yake Bi Thuwaiba, mfanyabiashara aliyekaa Bombay miaka mingi. Alifika, akamwinamia mgonjwa, wakasemezana kidogo.

"Hakuna aliyeibiwa," alisema. "Kifua kinambana, hapati pumzi. Mwinueni!"

Tatu ndiye aliyesimama wa kwanza. Alimwegemeza mgonjwa kwenye mito, akamletea maji ya moto avute mvuke, akamnywesha uji mwepesi. Kwa siku kadhaa mama na binti walipokezana kumwuguza, hadi homa ikashuka na pumzi ikatulia. Bi Thuwaiba alimfuata Tatu jikoni, akamwomba radhi.

"Bwana Majid," Mwajabu aliuliza siku hiyo, "imekuwaje neno moja liwe sanduku, tena liwe kifua?"

"Hapo kale lilikuwa sanduku tu," Majid alijibu. "Baadaye Waingereza wakaona mbavu zinauhifadhi moyo kama sanduku linavyohifadhi vitu vya thamani, wakakiita kifua jina hilohilo. Mwanangu, kutojua maana ya pili si kosa. Kosa ni kujifanya unajua, mzigo ukamwangukia mwingine. Uliposema hujui, ndipo mgonjwa alipopata msaada, na mama yako akarudishiwa heshima yake."

Mwajabu aligeuka. Mama yake alikuwa amesinzia mkekani, bakuli lingali mkononi. Alilichukua taratibu asimwamshe, akaenda kuosha vyombo peke yake.